Tequila Tunaipigia Picha, Muratina Tunaificha

Wasee wa mlima, leo nimekuja na maneno ya kuuma kidogo. Kama hujafika miaka 18, baki tu usome, hakuna mtu anakuuzia kitu hapa. Sijaja kupigia pombe debe. Nimekuja kuuliza kwa nini tunaheshimu utamaduni wa watu walio mbali huku wa kwetu tukiuficha kwenye mtungi wa plastiki nyuma ya zizi.

Ingia klabu yoyote ya Nanyuki Ijumaa usiku. Mbogi imeagiza shoti za tequila. Cheki vile kila mtu anajua hatua zake: unalamba chumvi, unameza, unauma ndimu, unakunja uso, na video iko hewani kabla koo halijapoa. Hakuna mtu alifundishwa hiyo kitu darasani. Ile chupa ya Sierra yenye kikofia chekundu cha Kimeksiko ikikwisha, kuna mtu ataenda na kofia nyumbani aitundike kwenye ufunguo.

Sasa iulize mbogi hiyo hiyo maswali matatu. Muratina inatengenezwa na nini? Pembe ya kwanza hupewa nani? Kwa nini mzee humwaga kidogo chini kabla hajanywa? Utasikia muziki peke yake.

Hao ni watoto wa Kieni, Mathira, Kirinyaga na Laikipia. Wanajua desturi ya kijiji cha Jalisco kuliko ya boma la guka yao. Na mimi ni wa Naro Moru, kwa hivyo ninaongea na watu wetu.

Msimamo wangu niuseme mapema. Muratina ilistahili kulindwa jinsi tequila ilivyolindwa. Badala yake tuliitupa kwenye kapu moja na sumu. Tumepoteza ufundi, tumepoteza kazi za watu, na tumepoteza kitu kingine ambacho watu wengi hawakioni: zile sheria za nyumbani zilizokuwa zinamzuia kijana kunywa mpaka afe.

Meksiko walifanya nini hasa

Kwanza, Tequila ni jina la mji. Uko Jalisco, chini ya volkano. Sisi pia tunalala chini ya volkano, ni vile yetu ina barafu kidogo kileleni na watalii wanaipanda wakielekea Lenana.

Mmea wao ni agave ya buluu. Unakaa shambani kama miaka sita, saba hivi kabla haujavunwa. Kuna fundi anaitwa jimador, kazi yake ni kukata yale majani makali kwa chombo chenye mpini mrefu kinachoitwa coa, mpaka kibaki kiini kikubwa kinachofanana na nanasi. Hata wao wanakiita piña, yaani nanasi. Kinapikwa, kinasagwa, kinachachushwa, halafu kinakenekwa. Wengine bado wanasaga kwa jiwe kubwa la mviringo, tahona.

Mpaka hapo ni mapishi tu. Nchi nyingi zina mapishi. Kitu Meksiko walifanya ni kuweka ua kuzunguka jina. Mwaka wa 1974 serikali yao ilitangaza kwamba tequila ni jina la mahali: lazima itoke Jalisco au sehemu fulani za majimbo mengine, na lazima itokane na agave ya buluu. Mwaka wa 1994 kukawa na baraza la kukagua kila kiwanda. Wewe ukitengeneza kitu kama hicho hapa Kieni, hata kiwe kitamu namna gani, huwezi kukiita tequila ukakiuza duniani. Mwaka wa 2006 UNESCO ikayaweka mashamba ya agave na viwanda vya kale vya eneo hilo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Yaani shamba la mmea wa pombe, pamoja na watu wanaolilima, likahesabiwa kuwa hazina ya binadamu wote.

Mlima wetu nao uko kwenye orodha hiyo hiyo tangu 1997. Lakini uliingia kwa ajili ya miamba, barafu na msitu. Sisi watu wa chini yake, na vitu tunavyotengeneza kwa mikono, hatumo.

Halafu kuna sanaa. Ile chupa nyeupe yenye michoro ya buluu mnayoiona kwenye video za wasanii, Clase Azul, ni kauri inayofinyangwa na kuchorwa kwa mkono na mafundi wa kijijini. Mtu anainunua kwa pesa nyingi kwa sababu ameshika kazi ya mkono wa mtu. Na hadithi ya mmea wenyewe ni ya zamani kuliko kanisa lolote pale. Waazteki walikuwa na mungu wa kike wa agave, Mayahuel, na watoto wake walikuwa sungura 400 wa ulevi. Ukilewa, kuna sungura amekuingia. Hiyo hadithi imechorwa kwenye vitabu vya kale, na hadi leo sungura wanaonekana kwenye lebo na kuta za baa.

Usidhani walipewa hiyo heshima bure. Mwaka wa 1785 mfalme wa Uhispania alipiga marufuku pombe za makoloni ili watu wanunue divai na brandi kutoka kwake. Mafundi wakaendelea kujificha. Ilipofika 1795, familia ya Cuervo ndiyo ikapata leseni ya mfalme. Karne ya 20 nayo, pulque, pombe ya agave ya kale isiyokenekwa, ilipakwa matope ikaitwa chafu, eti inachachushwa na kinyesi, ili bia ya kiwandani iuzwe. Unasikia hiyo stori inafanana na nini? Hiyo ndiyo stori tuliyopewa kuhusu shosho zetu.

Sasa tuje kwa muratina

Muratina ni jina la tunda kabla ya kuwa jina la pombe. Mti wake kwa Kiswahili ni mvungunya, wengine husema mwegea, ule wenye matunda marefu yananing'inia kama soseji. Hauoti huku kwetu kwenye baridi. Matunda yanatoka sehemu za chini zenye joto yakiwa yamekatwa na kukaushwa. Likiwa bichi haliliwi, lina sumu. Lazima liandaliwe na mtu anayejua.

Asali au maji ya miwa huchanganywa na maji, vipande vya tunda vinatiwa ndani, na chombo kinawekwa karibu na joto. Hapa Naro Moru, ambapo mvuke unatoka mdomoni asubuhi, hiyo kazi ya kulinda joto ni nusu ya ufundi. Ikiiva, vipande vinatolewa, vinaoshwa, vinaanikwa juani na kuwekwa mpaka pombe ijayo. Ujanja wote uko hapo. Ndani ya nyuzi za lile tunda ndimo hamira inaishi. Kipande kizuri kinatumika tena na tena, na mwenye nacho hakigawi ovyo. Kuna hamira zimepita kutoka kwa mama hadi kwa mke wa mwanawe. Mtu akimwaga kila kitu kwenye mtaro, amemwaga mbegu iliyokuwa kwenye ile boma kabla baba yako hajazaliwa.

Hesabu sasa mafundi wanaozunguka chombo kimoja. Kuna mtu wa mizinga ya magogo, anayejua mti gani wa kuchonga na wapi pa kutundika. Kuna mwenye vibuyu, aliyepanda, akakausha, akasafisha ndani, na kikipasuka anakishona kwa uzi mwembamba mpaka hakivuji. Kuna mchongaji wa kinu cha miwa. Kuna mtengenezaji wa pembe ya kunywea. Jomo Kenyatta kwenye kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya, anaeleza utengenezaji wa pombe kama kazi ya pamoja, wanaume na wanawake kila mmoja na sehemu yake.

Na kuna kiondo, ambacho kina undugu na tequila msioujua. Zamani kilisukwa kwa nyuzi za maganda ya vichaka, baadaye ukaja mkonge. Mkonge ni agave, binamu ya damu wa ule mmea wa Jalisco, na asili yake ni Meksiko. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka wa 1893, na miche 62 tu ndiyo ilifika hai. Kwa hivyo agave tunayo miaka yote hii. Mama zetu wameisuka ikawa kiondo kinachojulikana dunia nzima. Hatukukosa mmea wala mikono. Tulikosa kujiheshimu.

Pombe iliyokuwa na breki

Hapa ndipo watu hunipinga kabla sijamaliza. Ngoja.

Kwa mila, wewe na mimi hatungekunywa muratina. Ilikuwa ya wazee. Kijana alitumwa kubeba kibuyu, hakutumwa kukionja. Mtu alipanda ngazi ya rika lake, akaoa, akazaa, akatoa mbuzi zake, ndipo akakaribishwa. Na hata hapo haikunywewa kila siku. Ilikuwa na sababu: ruracio, kupatanisha majirani, kuomba mvua, kukumbuka waliotangulia. Ndiyo maana mzee alimwaga kidogo chini. Waliokufa nao walikuwa na sehemu yao.

Waazteki walikuwa na sheria za aina hiyo. Kijana aliyepatikana amelewa pulque angeweza kuuawa, lakini mzee wa miaka 70 aliruhusiwa kunywa hadi achoke. Watu wawili wasiojuana, mabara mawili tofauti, wakafikia jibu moja: kinywaji chenye nguvu lazima kipewe uzio.

Na kwa ruracio kuna jambo ambalo kila msichana anayesoma hapa anafaa kulijua. Wazee wa pande zote wameketi, pombe imeletwa. Kabla haijaguswa, binti anaitwa na kuulizwa mbele ya wote: hii pombe, tuinywe? Akisema ndiyo, ameikubali ndoa. Akikataa, hakuna anayefungua mdomo kunywa. Pombe ilikuwa njia ya kumuuliza msichana ridhaa yake hadharani, na mashahidi wakiwepo. Tuambieni, ni shoti gani ya tequila inauliza mtu ridhaa?

Sasa nikupe la kwetu. Kulikuwa na ruracio ya mtu wa familia, tumekodi bustani ya sherehe, jina silitaji. Wazee wamekuja na kibuyu kimoja cha muratina ya asali kwa ajili ya hilo swali tu. Mlinzi akakizuia getini. Meneja akaja akasema hiyo ni haramu, hawataki shida na askari. Dakika hiyo hiyo katoni ya tequila na wiski inapita mlango wa pembeni, na yeye mwenyewe anasaidia kuibeba. Binti akaulizwa swali la mababu zake na chupa ya kigeni mezani. Wazee walinyamaza. Sitaki kuwaona wakinyamaza hivyo tena.

Nani aliitupa?

Mkoloni alianza. Eneo hili la Naro Moru lilikuwa mashamba ya walowezi. Mwafrika alihitaji kibali kutengeneza pombe yake mwenyewe, na pombe kali ya Mzungu haikuwa ruhusa kwake hata kidogo. Misheni nazo zikafundisha kwamba kibuyu ni cha shetani. Wakati huo huo, mwaka wa 1922, kiwanda cha bia kikafunguliwa Nairobi. Pombe ya Mwafrika ilikuwa dhambi, ya kiwanda ikawa biashara.

Uhuru ulipokuja hatukufungua kibuyu. Sheria ya 1980 iliharamisha chang'aa. Mwaka wa 2010 ikaja sheria ya kudhibiti vileo, mnayoiita ya Mututho, ikaifuta ile ya 1980, na kusema vinywaji hivi vinaweza kutengenezwa kwa leseni na masharti. Kwa karatasi, mlango ulifunguliwa. Kwa ukweli, masharti yaliandikwa yakimfikiria mwenye kiwanda. Ukisema kinywaji lazima kiwe kwenye chupa yenye lebo na ujazo maalum, umemwambia mama wa vibuyu vitatu kwamba hahusiki.

Halafu ukaja mwezi Julai 2015. Rais Uhuru Kenyatta aliamuru viongozi wa hapa kwetu waangamize pombe hatari. Vikundi vya watu viliingia kila mahali. Walimwaga bidhaa za viwandani, walimwaga za magendo, na walimwaga muratina ya wazee. Hakuna aliyesimama kuuliza hii ni ipi. Tangu siku hiyo shosho anayechachusha lita ishirini za asali anakimbia kama muuza bangi, na kuna wenye sare wanaojua njia ya kwake kuliko wanavyojua njia ya kwa muuza sumu. Wakija, wanaondoka na kitu. Mnajua ni nini.

"Lakini pombe imetumaliza"

Imetumaliza, ndiyo. Silipingi hili na sitalichekea. Februari 2024, Kangai huko Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu. Mwaka wa 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu, na wengine wakapofuka. Mwaka wa 2000 Nairobi walizika zaidi ya mia moja. Kila kijiji hapa kina vijana waliozeeka wakiwa na miaka thelathini. Mama anayeunga mkono msako ana sababu zake, na mara nyingi sababu hiyo inalala kwenye kitanda cha mbele ya nyumba yake.

Lakini soma ni nini kiliwaua. Ni methanoli, kemikali ya viwandani, iliyochanganywa na watu wenye haraka ya pesa. Pombe iliyochachushwa kwa asali na tunda haijakenekwa, na haibadiliki kuwa methanoli ya kuua kijiji. Muratina inalevya, ndiyo. Ukinywa kila siku itakuharibu kama bia itakavyokuharibu, na ikitengenezwa kwa uchafu itakuumiza tumbo. Hiyo ni hoja ya usafi, umri na kiasi. Haiwi hoja ya kuiweka chumba kimoja na sumu.

Na matokeo ya kuzichanganya tumeyaona. Tangu 2015, misako juu ya misako. Mwaka wa 2023 naibu wa rais wa wakati huo, mtu wa Mathira hapa Nyeri, aliongoza vita hivyo. Machi 2024, baada ya Kangai, waziri Kindiki alitangaza hatua zaidi ya ishirini. Je, ulevi umeisha? Uliza Karatina. Uliza Chaka. Uliza hapa Naro Moru stejini saa tatu asubuhi.

Ninaloona mimi ni hili: tulitoa breki tukaacha gari. Tulivunja mamlaka ya mzee aliyejua kusema "huyu bado mdogo, asipewe," tukamwachia kazi hiyo kaunta yenye wavu, ambayo haiulizi jina la baba yako, inauliza una shilingi ngapi. Mtu akiniambia kufufua mila ya muratina kutaongeza ulevi, ninamuuliza: mila iliyomnyima kijana pembe, na duka linalompa kichupa cha bei ya soda, ni ipi iliyomlevya?

Tusiige na upofu

Na msinielewe vibaya, Meksiko si mbinguni. Jina lilipopata thamani, wakubwa walikuja na mifuko. Mwaka wa 2017 kampuni ya Diageo ilikubali kununua Casamigos, tequila ya George Clooney na wenzake, kwa kiasi kinachoweza kufika dola bilioni moja. Diageo hiyo hiyo ina Don Julio, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa na hisa nyingi zaidi za EABL, waliotuletea Tusker. Kendall Jenner alizindua yake, 818, mwaka wa 2021, na watu wengi wakamkasirikia kwa kuvaa utamaduni wa wenyewe kama nguo ya kupigia luku. Jimador aliyeinama juani hakupata bilioni.

Hapa karibu, Waganda walipitia njia yao. Sheria ya Enguli ya 1965 ilisema anayekeneka waragi lazima awe na leseni na auze kwa kiwanda. Kikatoka kinywaji cha chupa, Uganda Waragi, kizuri, kinajulikana. Lakini jina lilikwenda kwa kiwanda, na yule mama wa kijijini akabaki mhalifu kwa ujuzi wake mwenyewe. Hilo sitaki litupate. Siku kampuni itakapotoa muratina ya mkebe yenye harufu ya asali ya kuchanganywa, na ngoma ya Kikuyu kwenye tangazo, mtajua tumechelewa.

Ninachotaka

Kwanza, serikali ya kaunti. Katiba ya 2010 iliwapa kaunti kazi ya leseni za vileo. Nyeri, Kirinyaga na Laikipia hawana haja ya kusubiri Nairobi. Tengenezeni leseni ndogo ya mtengenezaji wa nyumbani: kiasi kidogo, sampuli ipimwe, umri uheshimiwe, kituo cha afya kihusike. Muuza methanoli fungeni mtupe ufunguo. Lakini wekeni tofauti kwa maandishi, ili askari asiseme hakujua.

Pili, jina. Kipengele cha 11 cha Katiba kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na kinataka jamii zilipwe utamaduni wao ukitumika. Kuna sheria ya mwaka wa 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Zimekaa tu kama sahani za wageni. Watengenezaji wa asali na wa muratina wajiunge, waandikishe alama ya pamoja, waseme: muratina ni asali au miwa na tunda la mvungunya, basi. Ukitia sukari ya gunia na hamira ya duka, tafuta jina lingine.

Tatu, mafundi. Kila mwaka watu wa nchi nyingi wanapita Naro Moru kwenda mlimani. Wanashuka na picha ya Lenana na fulana iliyochapishwa kwingine. Kwa nini hakuna karakana moja barabarani ya vibuyu, pembe na mizinga, ambapo mgeni anaona kinavyotengenezwa na kumlipa fundi mkononi? Tayari kuna Wakenya waliotengeneza jin kwa mbegu za mtarakwa, mti wa nyanda zetu za juu, Procera, na walevi wa maana huko ng'ambo wanailipia vizuri. Mti wetu umewezekana. Tunda letu limeshindwa na nini?

Nne, sisi wenye simu. Tukimrekodi shosho, tumtaje kama fundi, tumuulize kwanza kama anataka uso wake uonekane, na video ikileta doh, tumpelekee yake. Tusimweke pale aonekane kama kichekesho cha kijijini. Hao watu wakiondoka na vipande vyao vya tunda, hakuna pa kuvidownload.

Tequila kunywa ukitaka, kama umri wako unaruhusu. Sina noma nayo. Nina noma na mtu wa Nyeri anayejua jina la sungura wa Waazteki na hajui alichomwaga guka yake chini, akaona ni uchafu.

Sasa kazi yenu. Kabla ya Jumapili, piga simu nyumbani. Muulize guka, au shosho, au mzee wa jirani: kwenye boma letu nani alikuwa anatengeneza, vibuyu vyake viko wapi, na lile tunda alimwachia nani? Njoo uandike jibu hapa chini, kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Kimeru, yoyote ile. Na wewe utakayejibiwa "alikufa na hakuachia mtu," andika hiyo pia. Tunataka kujua ni wangapi.